Kinoo na Makali: Kuchagua Jiwe la Kunolea na Kulitumia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Katika shule nyingi za bweni iko ngazi moja, mara nyingi karibu na jiko au ghala ya majembe, iliyolika katikati kama tumbo la mtumbwi. Hakuna fundi aliyeichonga hivyo. Ni wanafunzi, mwaka hata mwaka, walioburuta juu yake mapanga na mafyekeo kila Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda kufyeka majani. Saruji inakwisha, panga linakwisha, na makali hayapatikani. Nimeona kijana mwenye nguvu akisugua panga pale kwa nusu saa nzima, kisha akaenda kuyapiga majani, nayo yakalala tu chini kama watu waliopewa ruhusa ya kupumzika, na alipopita yakainuka tena.

Nataka kueleza jinsi tuwezavyo kuiacha ngazi hiyo. Jiwe jema la kunolea, yaani kinoo, si lazima linunuliwe dukani. Katika nchi hizi zetu limelala mtoni na kando ya njia, nasi twalikanyaga kila siku. Kazi ni kulijua.

Kwanza tuondoe wazo moja baya. Wako wenzetu wanaodhani kwamba chombo butu ni salama, hasa mkononi mwa mtoto. Sivyo hata kidogo. Panga kali huingia pale ulipolipeleka, likakaa humo. Panga butu huteleza juu ya shina, nalo limebeba nguvu zote za bega lako, maana ukijua halikati umelipiga kwa nguvu mara mbili. Likiisha kuteleza hutafuta muundi. Tena kuna hasara ya mali. Mkulima mwenye panga moja, akilinoa vibaya, hulila yeye mwenyewe kabla ya mti kulila. Mapanga membamba kama ukambaa tunayoyaona vijijini hayakukonda kwa kukata miti. Yamekondeshwa na tupa na saruji.

Basi, kunoa ni nini? Ni kukikwangua chuma kwa chembe ndogo zilizo ngumu kuliko chuma chenyewe, mpaka pande mbili za kisu zikutane katika mstari mmoja mwembamba. Ukipata nafasi ya kuutazama mstari huo kwa darubini ya chumba cha sayansi, utashangaa. Kisu unachokiona kimenyooka kina meno kama msumeno. Chembe kubwa za jiwe huacha mifereji mikubwa na meno makubwa. Chembe ndogo huacha meno madogo. Meno makubwa si mabaya siku zote. Mundu wa kuvunia na kisu cha kukatia nyama hufanya kazi njema vikiwa na meno kidogo. Lakini patasi ya seremala na wembe wa kinyozi havitaki meno, navyo ndivyo vinavyohitaji jiwe laini.

Juu ya ugumu, yuko bwana mmoja Mjerumani, Friedrich Mohs, ambaye mwaka 1812 aliyapanga madini katika ngazi ya vipimo 10, kila moja likiweza kulikwaruza lile lililo chini yake. Almasi iko juu kabisa, 10. Ukucha wa kidole ni kama 2½, madini ya chokaa ni 3, kioo cha chupa ni kama 5½. Chuma cha visu vingi ni kati ya 5½ na 6½. Madini yaitwayo kwatzi, ambayo ndiyo yafanyayo sehemu kubwa ya mchanga wa mitoni, ni 7. Kwa hiyo jiwe lenye kwatzi laweza kukila chuma, na jiwe la chokaa haliwezi, hata ukilisugua mpaka Krismasi. Ndiyo maana jiwe la matumbawe tupu, wanalolijengea nyumba watu wa pwani, halifai kuwa kinoo ingawa laonekana kali mkononi. Nalo ni chokaa. Marumaru pia ni chokaa, pamoja na uzuri wake wote.

Hapa, lakini, ndipo penye jambo ambalo wengi hawalioni. Ugumu peke yake hautoshi. Chukua lile jiwe jeupe la kwatzi tupu linalong'aa juani, ambalo watoto hulipiga gizani litoe cheche. Ni gumu kuliko kisu chako, lakini halinoi. Kisu huteleza juu yake kama juu ya sahani. Sababu yake ni kwamba halina chembe zilizosimama kila moja peke yake na pembe zake. Jiwe la mchanga ni mbali. Hilo ni mchanga wa zamani ulioshikamana kwa gundi ya asili. Unapopitisha kisu, chembe za juu hukwangua chuma, pembe zao zikalika zikawa butu. Na gundi kwa kuwa si kali sana huziachia, nazo huondoka na maji. Chini yake hutokea chembe nyingine zenye pembe mpya, kama askari wa zamu wanaopokezana. Jiwe jema ni lile linalokubali kulika kidogo.

Likikubali mno ni bure pia. Gundi ikiwa dhaifu, jiwe ni kama bonge la sukari: kwa juma moja litakuwa na shimo, na makali ya kisu chako yatakuwa na umbo la shimo hilo. Na gundi ikiwa na nguvu mno chembe haziondoki kamwe, bali husagika palepale zilipo, na uso wa jiwe hung'aa kama goti la suruali iliyochakaa. Hiyo ndiyo shida ya mawe ya kwatzi iliyounganishwa kwa joto na uzito wa milima, yale ambayo chembe zake zimekuwa kitu kimoja. Yananoa siku ya kwanza na ya pili, kisha yanagoma. Kuhusu ngazi ya saruji, yenyewe ni mchanganyiko wa mchanga na kokoto za kila namna. Kisu kinaruka kutoka kokoto hadi saruji laini na kurudi tena kwenye kokoto, na kila mruko ni pengo.

Sisi tunaokaa huku Ankole na Kigezi, pamoja na jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Karagwe, tumejaliwa. Milima yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa matope na mchanga uliolala chini ya maji, zaidi ya miaka milioni elfu moja iliyopita. Matope yakawa mawe ya udongo na mawe ya matabaka yanayopasuka kama kurasa za kitabu. Mchanga ukawa mawe ya mchanga, na pale ulipokazwa zaidi ukawa jiwe la kwatzi lililo gumu sana. Hili gumu ndilo linalosimama kama uti wa mgongo juu ya vilima, kwa kuwa mvua haikuliweza. Yale laini yakaliwa, yakawa mabonde. Kwa hiyo usipande kileleni kutafuta kinoo. Nenda kwenye kijito kinachoshuka kutoka huko, baada ya mvua kubwa kupungua, utafute mawe bapa ya rangi ya kijivu, ya kahawia au ya samawati iliyofifia. Maji yamekwisha kukufanyia kazi ya kuchagua: mawe dhaifu yamesagika njiani, na yenye nyufa yamepasuka. Kwa upande wa mawe ya matope yaliyokazwa, yale mazuri hutoa kinoo laini cha kumalizia, maana ndani yake zimo chembe ndogo mno za kwatzi. Ni ndugu wa mawe ya sleti ambayo wazee wetu waliyaandikia shuleni kabla madaftari hayajawa mengi.

Ukiisha kuokota jiwe, lijaribu. Likwaruze kwa msumari. Msumari ukiingia kwa urahisi na kuacha mfereji, litupe. Kwaruza nalo kipande cha chupa. Lisipoacha alama, litupe vilevile. Ukishuku kwamba ni chokaa, kwangua unga wake kidogo na kuudondoshea maji ya limau: chokaa itatoa povu dogo. Lipumulie kwa kinywa wazi kisha ulinuse. Likinuka kama udongo uliopata mvua ya kwanza, lina udongo mwingi, nalo huenda likawa laini mno. Lakini usilikatae kwa harufu tu, maana baadhi ya vinoo vizuri vya kumalizia hunuka hivyo kidogo. Lishike kwa vidole viwili na kuligonga kwa msumari: jiwe zima hulia, jiwe lenye ufa hukohoa. Kisha lichovye majini na kuliacha likauke kivulini ukilitazama. Uso wote utakauka, na kama kuna ufa utauona kama mstari mweusi wa unyevu unaobaki nyuma. Mwisho angalia kama kuna mshipa mweupe wa kwatzi uliokatiza. Jiwe lenye mshipa huo, hata likiwa zuri namna gani, litang'oa makali kila yapitapo hapo. Mimi siliokoti.

Jaribio lililo kuu nilifundishwa na mzee mmoja mhunzi wa kijiji cha jirani. Nilimpelekea mawe matatu niliyoyachagua kwa uzuri wa rangi. Hakuyatazama sana. Alisema, "Mwanangu, jiwe haliulizwi kwa macho, huulizwa kwa maji." Akalilowesha la kwanza, akapitisha kisu kama mara 20, akanionyesha maji yaliyobaki juu yake. Yalikuwa yamegeuka kuwa meusi kidogo. Huo weusi ni chuma. La pili maji yake yakawa mekundu kama jiwe lenyewe: jiwe ndilo lililokuwa likilika, si kisu. La tatu maji yakabaki safi. Hakuna kilichokula wala kilicholiwa. Tangu siku ile nimeyaamini maji kuliko ngazi ya Bwana Mohs, ingawa katika mtihani nitaandika ya Bwana Mohs.

Wala wasomaji wasidhani kwamba hii ni elimu ya watu wa mashamba tu. Mataifa mengi yalitajirika kwa mawe haya. Huko Eidsborg, Norwei, palichimbwa jiwe la kunolea lililosafirishwa kwa merikebu tangu enzi za Waviking. Karibu na Vielsalm, Ubelgiji, kuna jiwe la manjano lenye vipande vidogo sana vya madini ya ganeti, ambalo vinyozi wa Ulaya walilipenda kwa nyembe zao. Arkansas, Marekani, hutoa jiwe jeupe na jeusi lililo karibu kwatzi tupu, lakini la chembe ndogo mno zilizosimama kila moja mahali pake, na kwa hiyo linanoa pale ambapo kwatzi yetu nyeupe inashindwa. Na Plinio, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliyagawa mawe ya kunolea kwa kitu kinachotiwa juu yake: ya mafuta, ya maji, na mengine ya vinyozi yaliyotumika kwa mate.

Kuhusu hayo ya kutia, kwetu maji yatosha. Kazi yake si kulainisha tu, bali kuchukua unga wa chuma usizibe nafasi kati ya chembe. Mafuta ya kupikia nayakataza kabisa. Yakikauka hugeuka kuwa gundi, jiwe likafunikwa uso, na jiwe la mchanga likiisha kunywa mafuta ni vigumu kulirudisha kwenye maji. Ikiwa umelirithi jiwe la namna hiyo, lioshe kwa maji moto na sabuni, kisha lisugue kwa mchanga.

Jiwe lazima liwe bapa. Urefu wa shibiri moja na upana wa vidole vinne vyatosha. Wengi husugua mawe mawili pamoja kwa mchanga na maji, nalo ni wazo zuri, ila lina mtego: baada ya muda moja huwa na bonde na jingine kilima, nayo yakaingiana vizuri hata ukadhani yamenyooka. Tumia matatu. Sugua la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, kwa zamu. Mawe matatu hayawezi kuingiana yote kwa bonde na kilima, kwa hiyo hayana njia ila kunyooka. Kwa kanuni hiyohiyo mafundi wa mitambo wa Uingereza katika karne ya 19 walipata mabamba ya chuma yaliyonyooka kabisa.

Sasa twende kwenye kunoa kwenyewe. Weka jiwe juu ya gunia lililoloweshwa lisiteleze. Jambo la kwanza na la mwisho ni pembe. Wanaosoma hesabu wataona kwamba ukiinua mgongo wa kisu juu ya jiwe kwa theluthi moja ya upana wa kisu, pembe ni karibu digrii 20. Kisu cha upana wa sentimita 3, basi, kiinue sentimita 1. Hiyo yafaa kwa visu vya jikoni. Ukiinua kwa nusu ya upana, pembe ni digrii 30, nayo yafaa kwa panga linalopiga miti, maana makali membamba mno hujikunja yakigonga fundo. Wembe wa kinyozi wa zamani haupimwi. Hulazwa kabisa, mgongo na makali pamoja, kwa kuwa aliyeutengeneza alikwisha kuweka pembe katika unene wa mgongo.

Pitisha kisu kama mtu anayetaka kukata ngozi nyembamba ya jiwe, kutoka kisigino hadi ncha, ukikaza mkono kiasi. Usihesabu mara. Endelea upande huohuo mmoja mpaka uzi mwembamba wa chuma ujitokeze upande wa pili. Utausikia ukipapasa kwa kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Uzi huo ni ushahidi kwamba umefika ukingoni. Usiposikika katika urefu wote wa kisu, bado, na hakuna faida ya kugeuza. Hapa ndipo wengi huchoka: hupitisha mara 10 huku na mara 10 kule kwa desturi, na ukingo wenyewe haujaguswa hata mara moja. Ukiusikia, geuza, ufanye vilevile. Kisha hamia kwenye jiwe laini kwa mkono mwepesi, upande mmoja mmoja kwa zamu, mpaka uzi uishe. Malizia juu ya mkanda wa ngozi, ukivuta kisu kinyumenyume, makali yakifuata nyuma.

Panga na fyekeo havipelekwi kwenye jiwe. Jiwe hupelekwa kwake. Lilaze panga juu ya gogo, ulikanyage mpini, ushike jiwe dogo kwa vidole vilivyo nyuma ya ukingo, usugue kwa miduara midogo. Kwa fyekeo usijisumbue na jiwe laini. Majani yana mchanga na chembe ngumu ndani yake. Kazi ya nusu saa ya kulainisha huisha kwa dakika tano.

Kujua kama kumekuwa kali, lielekeze panga kwenye dirisha na kuyatazama makali yake. Makali butu hurudisha mwanga, nawe utaona mstari mweupe au vidoa vinavyong'aa. Makali kamili hayaonekani.

Juu ya tupa, siipingi. Panga likipata pengo kubwa, tupa ndiyo dawa, na jiwe lifuate. Mashine ya kuzunguka ya mjini naiogopea jambo moja. Chuma kikigeuka rangi ya samawati ukingoni, kimefika karibu digrii 300 za joto, na ugumu aliouweka mfua chuma umepungua pale. Kitapoteza makali upesi kila ukinoa, mpaka sehemu ile iondolewe yote. Jiwe la mkono lenye maji haliwezi kufanya hivyo.

Tena maji yana faida nyingine iliyo kubwa kuliko panga. Vumbi la kwatzi ni adui wa mapafu. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, karne ya 19, wanoaji wa uma walifanya kazi yao kwenye mawe makavu, na wengi wao hawakufika umri wa miaka 40. Wenzao walionoa kwenye mawe yaliyolowa walikaa zaidi. Mwanafunzi anayenoa kisu kimoja kwa juma hana la kuogopa, lakini yule achongaye mawe kutwa kucha, na yule anayesawazisha vinoo vya kuuza, wasifanye kazi kavu hata siku moja.

Ninyi mliokwisha kumaliza shule, mlioko kwenye vilima na maziwa mengi kuliko sisi, mwaweza kutusaidia. Chumba cha sayansi kina kabati lenye nafasi tupu, na Kidato cha Tatu wameanza kuyajaribu mawe kwa njia ya maji meusi na kuandika matokeo. Mtakaporudi siku ya wazee wa shule, leteni kipande cha jiwe linalonolea kwenu. Ukubwa wa kipande cha sabuni watosha. Kifungeni katika karatasi, na juu yake mwandike jina la mto au la kilima, mkisema kama kilitoka majini au kwenye mwamba, na watu wa huko hunoa nini kwacho.